Panya Weupe wa Mama

Mama yangu hakujua kutembea polepole. Alinunua omena, wale dagaa wadogo, huko Sori ziwani, akazipeleka Migori mjini, na zilizobaki akazitembeza kwa miguu nyumba hadi nyumba, beseni kichwani, mikono ikining'inia huru kama ya mtu asiyebeba kitu. Siku za soko alipanda lori hadi Kegonga, akarudi na wimbi na maharagwe. Nilipokuwa shule ya bweni upande wa Asumbi, siku ya wazazi alishuka njia panda na kumalizia safari kwa miguu, nami niliyemngoja langoni niliutambua mwendo kabla ya kuuona uso. Wazazi wa wenzangu walikuja na viatu vizuri zaidi, lakini sikuona hata mmoja aliyetembea kama yeye. Nilijivunia sana mwendo ule.

Nasema haya kwanza ili ieleweke tulimnyang'anya nini, maana kiongozi wa wanyang'anyi nilikuwa mimi.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, mama akiwa bado hajafika hamsini, aliota uvimbe tumboni. Baba alikuwa ameshafariki. Kaka yangu mkubwa alimpeleka hospitali moja Homa Bay, wakamfanyia upasuaji, wakaondoa mfuko wa uzazi pamoja na ovari zote mbili. Mimi nilikuwa Nairobi, chuo kikuu, nikisomea mambo ya wanyama na miili yao, na kwa sababu hiyo familia nzima iliniona nusu daktari. Daktari kamili aliandika kwa Kiingereza, kwenye karatasi ambayo kaka alinitumia nimfafanulie, kwamba mama apumzike majuma sita. Mimi nikaandika barua nyumbani: mama asichote maji, asilime, asiinue beseni tena, amefanya kazi ya kutosha duniani. Neno "asiinue" nililipigia mistari miwili. Majuma sita sikuyataja kabisa.

Barua ile iliwaingia kweli kweli. Kaka alikuwa fundi seremala, akatengeneza kiti kikubwa chenye mikono mipana na mto mnene, akakiweka sebuleni kwa mama. Shemeji yangu, mke wa kaka, ndiye aliyekaza sheria zaidi. Alikuwa Mkuria kutoka upande wa Kegonga, na kwa ajili yake tulizoea kuongea Kiswahili pale nyumbani, mama akichanganya Kijaluo chake katikati. Kwao na kwetu, mama mkwe akionekana amebeba ndoo na mke wa mwanawe yupo, aibu inaenda mpaka kwa wazazi wa yule mke. Kwa hiyo mama akishika jembe, shemeji analichukua. Mama akishika ufagio, shemeji anauchukua na kuomba msamaha.

"Mama, wewe kaa tu," alimwambia. "Kwani mimi nilikuja hapa kufanya nini?"

Mama akakaa. Akaanza kunenepa, tumbo kwanza, halafu uso. Majirani walikuja kumwona mgonjwa na mkate, sukari na soda, na hata ugonjwa ulipokwisha wakaendelea kuja. Jumamosi baada ya ibada wanawake wenzake walimshika mabega na kumgeuza geuza. "Yawa! Hawa watoto wamekutunza," walisema, na kaka alisimama kando na koti lake, akitabasamu kama aliyepewa zawadi. Mimi nikija likizo nilitabasamu vilevile. Hakuna aliyeuliza kwa nini mama hulowa jasho ghafla akiwa amekaa kivulini, akajipepea kwa upindo wa leso na kutazama chini. Kaka alimnunulia dawa za malaria.

Baada ya mwaka mmoja na zaidi akaanza kulalamika uzito chini ya mbavu za kulia. Tukarudi Homa Bay, safari hii mimi nikiwa naye. Daktari mwingine, kijana, alimlaza, akabonyeza tumbo kwa vidole, akauliza maswali mengi, halafu akauliza mama anakunywa pombe kiasi gani. Mama alikuwa Msabato tangu ujana. Hata chai ya rangi aliinywa kwa wasiwasi. Aliinuka pale kitandani akafunga vifungo vya blauzi kimoja kimoja. Daktari akanieleza mimi kwamba ini limevimba, na kwa kuwa mama hanywi, anadhani limejaa mafuta. Alisema apunguze vyakula vya mafuta na sukari, na atembee.

Tulipofika nyumbani nilisimulia yote. Kaka alisikia neno moja tu, ini.

"Mgonjwa wa ini atembee?" alisema. "Huyo daktari ni mtoto. Amemwita mama mlevi, sasa anataka kumuua."

Na mimi, nusu daktari, nilinyamaza. Ukweli ni kwamba nilikubaliana naye. Nilimwona mama akihema kwa kutoka choo hadi mlangoni, nikaona haiwezekani mtu kama huyo aambiwe atembee. Tukamwongezea mto.

Mwaka uliofuata nilipata kazi ndogo kwa mhadhiri wangu. Alikuwa na panya weupe kumi na wawili, wote majike, wote wametolewa ovari. Alikuwa amesoma kwamba panya jike akikosa homoni ile ya kike, estrojeni, mwili wake hubadili namna ya kutunza mafuta, na mengine huenda kujibanza ndani ya ini. Alitaka kuona mazoezi yangefanya nini. Sita wangekimbia kila siku kwenye gurudumu, sita wangekaa. Gurudumu lenyewe lilitengenezwa na fundi wa Gikomba kutokana na rimu ya baiskeli na waya wa kuku, likizunguka linalia kama mlango mbovu. Wakimbiaji niliwapaka dawa ya zambarau mkiani ili nisichanganye. Sijui kwa nini sikumwona mama katika kazi hiyo tangu siku ya kwanza. Pengine sikutaka. Panya walikuwa kazini, na mama alikuwa nyumbani, mbali, kwenye kiti.

Kisha chuo kikafungwa. Wanafunzi waligoma, tukaambiwa tuondoke siku ileile. Mhadhiri alinikuta nikifunga mizigo.

"Wakibaki humu watakufa njaa," alisema. "Utaweza kwenda nao?"

Nikaenda nao. Vizimba viwili ndani ya katoni, gurudumu mapajani, gunia la chakula chao chini ya miguu. Kondakta aliuliza kama ni vifaranga, nikasema ndiyo.

Shemeji alipoona kilichomo alipiga kelele iliyomtoa kaka karakana. Yeye maisha yake yote amepigana na panya ghalani, na sasa wifi yake amewaleta kwa basi, tena na chakula chao! Mama ndiye aliyecheka. Sikuwa nimesikia kicheko kile kwa muda mrefu, kilimtikisa kifua chote hadi akashika ubavu.

"Nyara," aliniambia, yaani binti yangu, "tumekupeleka chuo kikuu usomee *oyieyo*, panya hawa?"

Nilimweleza kazi ilivyo. Nilitumia maneno rahisi, jinsi mtu anavyotumia akiamini anayemsikiliza hataelewa. Nilisema hawa wameondolewa kitu fulani tumboni, na tunataka kuona kama kukimbia kunasaidia ini lao. Mama akaacha kucheka. Alimtazama mmoja aliyekuwa amekaa pembeni ya kizimba, mnene, mwenye sikio lililopasuka kidogo.

"Hawa wametolewa kama mimi?"

"Ndiyo, Mama."

"Na ini yao inaumwa kama yangu?"

"Bado hatujui."

Alitikisa kichwa taratibu, akaniambia nivilete vizimba sebuleni, karibu naye.

Juma la tatu nikapata kibarua cha kufundisha biolojia katika shule moja ya sekondari huko Kegonga hadi muhula uishe. Panya sikuweza kwenda nao. Mama akasema atawatazama yeye. Kaka alisita, lakini kwa kuwa ilikuwa kazi ya kukaa, akakubali. Nilimwachia mama karatasi niliyoipiga mistari, majina ya wakimbiaji sita upande wa kushoto, Zambarau wa Kwanza hadi Zambarau wa Sita, na visanduku vya kutia alama kila siku, nikamwambia wale wengine sita wakae tu.

Nilirudi mara moja tu katikati. Karatasi ilikuwa imejazwa vizuri kuliko nilivyowahi kuijaza mimi. Sakafu ya vizimba ilikuwa safi, maji mapya. Mama alikuwa anaamka mapema kwa ajili yao, anainama, anafua matambara yao mwenyewe, maana shemeji hakuthubutu kuyagusa. Kwa mara ya kwanza tangu upasuaji kulikuwa na kazi ambayo hakuna aliyemnyang'anya. Yule wa sikio lililopasuka alikuwa amelala mapajani mwake, juu ya leso, akila tonge la ugali lililochovywa kwenye mafuta ya samaki.

"Mama, huyo ana chakula chake," nilisema.

"Anakula hicho pia. Huyu ni mgeni wangu."

Nikamwacha. Nilifurahi kuona ana mwenzake. Hata kama kazi ya mhadhiri ingeharibika kidogo, nilijiambia, ni panya mmoja.

Chuo kilipofunguliwa nilipanga katoni zangu tena. Mama alimbusu yule panya kichwani, jambo ambalo shemeji hajalisahau hadi leo, akauliza kama huko waendako wataendelea kukimbia. Nilisema ndiyo. Hakuniuliza zaidi.

Siku ya kuwafungua nilikuwa peke yangu na mhadhiri. Tuliwalaza usingizi, nikawapasua mmoja mmoja, nikatoa maini na kuyapanga kwenye sahani. Nilijua cha kutafuta. Wakimbiaji wangekuwa na ini jekundu la kukolea, imara kidoleni, na wale waliokaa wangekuwa na lililofifia. Lakini wa kwanza kati ya waliokaa alikuwa na ini jekundu. Na wa pili. Hadi watano. Mhadhiri alivua miwani, akaivaa tena.

"Hawa wamekimbia," alisema. "Nani aliwakimbiza?"

Nikamchukua aliyebaki. Wa mwisho alikuwa yule wa sikio. Nilipofungua tumbo kisu kilitoka na utelezi. Ini lake lilikuwa kubwa, la manjano kama siagi ya kienyeji, na nilipolishika kidole kikaacha alama. Ndipo mwishowe, baada ya miezi yote ile na elimu yangu yote, nilimwona mama kwenye kile kiti.

Mhadhiri hakunipigia kelele, afadhali angefanya hivyo. Alisema kazi imeharibika, kwamba panya mmoja hathibitishi kitu, hasa panya aliyelishwa ovyo, na kwamba panya si mtu. Yote matatu ni kweli na niliyajua. Nilikwenda bwenini nikalia hadi macho yakavimba.

Nilisafiri nyumbani mwisho wa juma. Nilimkuta mama peke yake, shemeji akiwa mtoni, kaka karakana. Nilikaa sakafuni mbele yake kama nilivyokuwa nakaa akinisuka nywele.

"Mama, wale ambao hawakupakwa rangi. Uliwatia kwenye gurudumu?"

Hakuona haya hata kidogo. "Kila jioni, kwa zamu."

"Lakini nilikwambia wakae."

"Uliniambia. Lakini wewe ulienda Kegonga, hukuwaona. Nikitoa wale wa zambarau wakimbie, hawa wengine wanasimama kwa waya, wanaangalia. Mikono hivi." Aliinua mikono yake miwili kifuani, vidole vimekunjwa. "Kila siku wanaangalia wenzao. Mimi najua hiyo kuangalia, nyara. Ningewaacha?"

"Na kwenye karatasi?"

"Karatasi yako ilikuwa na nafasi ya sita tu. Niliandika sita."

Nilitaka kucheka na sikuweza. Nikauliza swali nililolijia.

"Yule wa sikio je? Yeye pia alikimbia?"

"Yule hapana."

"Kwa nini yeye hapana?"

Alinitazama kana kwamba swali lenyewe ni la kitoto. "Yule nilimpenda."

Nje kuku walikuwa wakichakura. Mama alilainisha leso magotini, mahali ambapo yule panya alikuwa akilala, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Najua uliwachinja. Nimechinja kuku maisha yangu yote, naujua uso wa mtu anayeenda kuchinja. Sema tu. Ini yake ilikuwaje?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimeshamdanganya mara moja kwa ajili ya panya wale, na mara nyingi zaidi kwa ajili yake mwenyewe, nikisema utapona, pumzika, kaa. Nikamwambia. Nilimwambia rangi, na alama ya kidole. Nilimwambia pia kwamba panya mmoja hathibitishi kitu.

Machozi yalimtoka bila uso kubadilika. Sikujua kama anamlilia panya au anajililia mwenyewe, na sikuuliza.

"Nilimpenda," alisema tena, safari hii polepole, kama mtu anayejitetea.

"Hata sisi, Mama," nilisema. "Hata sisi tulikupenda."

Aliweka mkono kichwani pangu, ukakaa hapo. Nikamwomba msamaha kwa barua ile. Nikamwambia kuhusu majuma sita ambayo sikuyaandika. Kumbe hakuwahi kuambiwa, alidhani daktari ndiye aliyesema maisha yote. Nilitegemea anikasirikie. Alivuta pumzi ndefu tu, akauliza kama omena bado zinapatikana Sori kama zamani.

Jioni tulikaa na kaka na shemeji. Nilieleza, nikaeleza tena. Kaka alisikiliza akiwa ameinama, akikwangua gundi kavu kwenye kucha.

"Watu watasema nini?" aliuliza. "Kwamba mimi nimeshindwa kumtunza mama mmoja?"

"Watasema," mama alijibu. "Wewe waache waseme. Mtoto wangu, mimi sikatai kupendwa. Lakini hiyo yenu imekuwa nyingi, inanikalia hapa." Akagusa ubavu wa kulia.

Kaka aliinuka, akatoka nje. Shemeji alibaki. Alikuwa analia waziwazi, akisema alifikiri anafanya vizuri, na mama akamwambia ndiyo, alifanya vizuri, hakuna binti aliyewahi kumfanyia vizuri hivyo, na kuanzia kesho afanye kidogo.

Kesho yake, Jumatatu asubuhi, mama alikwenda mtoni. Si mbali, mtu mzima hatumii hata robo saa, lakini kurudi ni mlima. Alichukua ndoo ndogo akaijaza nusu. Sisi watatu tulisimama kwenye ua, tukamwona akitokea chini kwenye kichaka, ndoo kichwani, mkono mmoja umeishikilia, jambo ambalo zamani hakuhitaji kulifanya. Alipiga hatua chache akasimama. Alipumua. Akapiga nyingine. Maji yalimwagika begani, blauzi ikashikana na mgongo. Shemeji alianza kushuka mlima bila kujua anashuka, nikamshika mkono. 

Mama alisimama mara ya pili, halafu mara ya tatu, akashika mti. Nilitamani kukimbia. Katika maisha yangu nimefanya mambo ambayo watu wanayaita magumu, na hakuna lililokaribia kunishinda kama kusimama pale.

Wanawake wawili wa kanisani walikuwa wanapita barabarani. Walimwona mama akihangaika, wakatuona sisi, vijana watatu wenye afya, tumejipanga kwenye ua. Mmoja alisimama kabisa. Ni yeye aliyekuwa akimgeuza mama mabega siku za Sabato.

"Mama yenu anabeba maji," alisema kwa sauti ya kusikika hadi kwa majirani, "na nyinyi mmesimama?"

Kaka alishika mti wa ua kwa mikono yote miwili. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho.

"Ndiyo, mama," alimjibu. "Tumesimama."

Hakusogea, na chini kule mama akauachia mti akaendelea kupanda.